Kupigia kura klipu za gemu kwa haki: tunavyofanya sisi wa Mwanza

Washkaji habari zenu. Kwenye kundi letu la gemu hapa Mwanza, lile lililoanzia kwenye kibanda cha PS pale Mabatini, kila wiki tunachagua klipu kali ya wiki. Watu wanadondosha klipu kuanzia Jumatatu, Ijumaa usiku tunafunga, kura zinapigwa mpaka Jumapili saa mbili usiku, mshindi anarushiwa bando. Zawadi yenyewe ndogo ila watu wanaichukulia kwa uzito kweli, na wako sahihi kabisa, mana kuna dogo anakaa na simu ya kuazima wiki nzima anarudia muvu moja mpaka ikae, sasa mtu kama huyo akipitwa na klipu ambayo watu hawajaiangalia hata, wamegonga dole kwa sababu ya jina la aliyeiweka, unakuwa umemvunja moyo na anaweza asirudi tena.

Hilo lilishatokea, na mimi ni mmoja wa waliopiga kura vibaya siku hiyo. Kuna dogo wa Igombe, baba yake mvuvi, simu yake ilikuwa haiwezi kurekodi skrini huku gemu inaendelea, kwa hiyo akamuomba mtu amrekodi kwa simu nyingine kwa juu. Klipu ya sekunde 19. Kioo kimepasuka kona ya kulia, jua linapiga kwenye skrini, kwa nyuma unasikia injini ya mtumbwi inawashwa inakataa, inawashwa tena. Watu wakaona picha mbovu wakapita. Sasa ndani ya zile sekunde 19 kulikuwa na nini: dogo kafungwa 1-0, dakika ya 88, mpira anao kwenye kona ya boksi, mabeki wawili wamembana, na mtu yeyote mwenye presha pale angepiga tu liwalo na liwe. Yeye akaukalia mpira. Akaugeuza, akaugeuza tena, akamsubiri beki wake wa kulia atoke kule nyuma kwenye nusu yake mwenyewe mpaka afike, akampa, beki akapiga mara moja tu chini chini, goli. Utulivu ule dakika ya 88 hauji kwa bahati.

Alipata kura tatu. Aliyeshinda wiki ile alikuwa na frikiki iliyowekewa muziki na kupunguzwa spidi, imeangaliwa na watu wote kwa sababu jamaa anajulikana, na mimi nikampa dole. Nilikuja kumuuliza baadae akaniambia wazi alikuwa anacheza na mashine, levo ya chini kabisa. Dogo wa Igombe alijitoa kwenye kundi Jumanne yake. Toka hapo tukakaa chini tukapanga namna ya kuhukumu, na hizi ndo hatua zenyewe, zichukue uzitumie kwenye kundi lako liwe la Free Fire, eFootball, Dream League, vyovyote.

Hatua ya kwanza: angalia klipu kabla hujaona madole

Hii ndo naiona kubwa kuliko zote, so nitakaa hapa kidogo. Kura yako inaanza kuharibika pale macho yanapotua kwenye namba. Ukikuta klipu ina madole 40 unaifungua tayari ukiwa na nia ya kuipenda, ukikuta ina mawili unaifungua huku kidole kiko tayari kupita.

Mwaka 2013 watafiti watatu, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, walitoa matokeo ya jaribio lao kwenye jarida la Science. Walichukua maoni zaidi ya laki moja ya watu kwenye tovuti moja ya habari, baadhi wakayapa kura moja tu ya juu pale pale yanapotoka, kwa kubahatisha, bila kuangalia kama yana maana au hayana. Msomaji wa kwanza aliyefuata, uwezekano wa yeye kupiga kura ya juu ulipanda kwa asilimia 32, na mpaka mwisho wa safari maoni hayo yalikuwa na alama za juu zaidi kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja hiyo, ya kubahatisha! Na kilichonigusa zaidi ni kwamba walipoweka kura moja ya chini, watu waliokuja nyuma waliirekebisha, ila ile ya juu haikurekebishwa, iliendelea kubeba nyingine. Kumbe sifa ya kufuata mkumbo ndo inayodumu.

Na sisi huku Usukumani hili tunalijua toka kwa babu zetu. Ukienda Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Kisukuma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita, utaona Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani, wanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Ndo mana vikundi vinaleta mpaka nyoka ili kuvuta watu, mana wanajua mtu akiona vumbi limepanda upande ule na watu wanakimbilia, na yeye anakimbia, hajui hata anaenda kuona nini. Kwenye ngoma ni sawa, kuvuta watu ndo mchezo wenyewe. Kwenye klipu tunatafuta nani kacheza vizuri, kwa hiyo hilo vumbi inabidi ulifumbie macho.

Kivitendo fanya hivi: usiangalie klipu ukiwa unaserereka kwenye kundi huku emoji zinaonekana chini yake. Kusanya klipu zote za wiki kwanza, fungua moja moja ijae skrini nzima, ukimaliza andika alama yako pembeni, mi natumia daftari la kawaida, wengine wanajitumia meseji wenyewe. Ukishaandika zote ndo urudi ukaone wengine wamesemaje. Ukikuta umetofautiana na watu 30 usikimbilie kufuta, rudia kuiangalia mara moja, kama bado unaona vile vile basi kaa na namba yako.

Hatua ya pili: zima sauti

Mama yangu mdogo anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Gunia likiletwa haangalii za juu, anazamisha mkono mpaka chini kabisa anatoa kiganja kimoja, anachukua dagaa wawili anawatafuna taratibu kusikiliza kama meno yanakutana na mchanga, mana dagaa walioanikwa chini mchangani na walioanikwa kwenye chanja ukiwaangalia kwa juu unaweza usiwatofautishe. Nilimuona akikataa gunia lililokuwa linang'aa kweli kweli, akachukua la pembeni lililochoka.

Muziki, spidi ya kupunguza, maandishi yanayorukaruka, hizo ni dagaa za juu. Angalia klipu mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili na sauti. Kama bila sauti imekuwa ya kawaida tu, jua ulichokipenda ni wimbo. Na usimhukumu mtu kwa ubora wa simu yake, kukwama kwa picha, kioo kilichopasuka, sauti ya jenereta, hayo sio uchezaji. Kama kundi lenu linataka kuzawadia na kuediti pia, ni jambo zuri, wekeni tuzo yake peke yake. Tukizichanganya, mwenye simu ya laki nane atashinda kila wiki.

Hatua ya tatu: uliza ilikuwa ngumu kiasi gani

Goli ni goli ila kufunga mashine ya levo ya chini na kumfunga mtu mnayelingana viwango ni vitu viwili tofauti. Kwenye PUBG Mobile vile vile, ukiwa na akaunti mpya unakutana na boti nyingi tu, yani wachezaji wanaoendeshwa na mashine, zinasimama zinakutazama, mtu anaangusha kumi mfululizo halafu anaonekana jeshi. So sisi tumeweka sheria, kila klipu inakuja na mistari miwili: gemu gani, mpinzani ni mtu au mashine na levo gani, matokeo yalikuwaje wakati huo. Bila hiyo mistari klipu haiingii kwenye kura.

Alama tunagawa sehemu tatu, kila moja kati ya 10. Ugumu, yani presha ya mechi na uwezo wa mpinzani. Uamuzi, alichagua nini na alikuwa na njia gani nyingine. Ufundi wa mkono, muvu imekaa au imelazimishwa. Ile klipu ya dogo wa Igombe ukiipitisha hapa uamuzi peke yake unampa 9, na hakuna aliyeona mana wote tulikuwa tunatafuta mbwembwe.

Kama gemu hujawahi kuicheza, usiihukumu. Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, wanaonesha kwenye kila maoni mtu kacheza gemu hilo masaa mangapi, na ni kitu cha maana sana, unajua uzito wa maneno ya mtu mwenye masaa mawili na mwenye masaa 300. Kwenye kundi letu mtu akisema "mi Free Fire siijui, napita" tunamheshimu zaidi kuliko anayegonga dole kila mahali.

Hatua ya nne: hakikisha ni ya kweli na ni ya kwake

Fupi tu hii. Angalia saa ya mechi kwenye klipu kama inaruka. Angalia jina la mchezaji ndani ya gemu kama linafanana na la aliyeiweka. Angalia kingo za video, klipu iliyobebwa TikTok mara nyingi imekatwa chini au juu ili kuondoa jina la mwenyewe. Ukiwa na wasiwasi muombe dakika mbili za kabla ya tukio, inbox, kwa adabu, usimuite mwizi mbele za watu halafu ukute ni ya kwake kweli.

Na usione aibu kuuliza hata kama mtu ni mkubwa kwenye kundi. Kuna gemu la zamani la Atari linaitwa Dragster, rekodi ya sekunde 5.51 iliyodaiwa mwaka 1982 ilikaa kwenye vitabu zaidi ya miaka 30, mpaka watu walipokuja kulichambua gemu lenyewe na kukuta haliwezi kwenda chini ya 5.57, na Twin Galaxies, wanaotunza rekodi za gemu, wakaifuta mwaka 2018. Miaka yote hiyo watu waliamini kwa sababu ilishaandikwa.

Hatua ya tano: dole chini lina kazi yake

Reddit wameweka mshale wa juu na wa chini toka 2005, na miongozo yao wenyewe inawaambia watu usibonyeze wa chini kisa tu hukubaliani na mtu. YouTube mwezi wa 11 mwaka 2021 waliacha kuonesha hadharani idadi ya madole ya chini, wakisema watu walikuwa wanayatumia kushambulia wenzao. So hii shida sio ya kwetu tu.

Kwetu dole chini lina sababu tatu basi: klipu ya wizi, klipu ya udanganyifu, au klipu ambayo haihusiani na kinachoshindaniwa. Klipu ya kawaida isiyokuvutia unaipa alama ndogo kwenye daftari lako, huigongi dole chini. Hapa nazungumza na wale wa Simba na Yanga hasa. Mtu akifunga goli na timu kaivalisha jezi ya upande wa pili unakuta madole chini 15 kwa dakika tano, na hakuna hata mmoja aliyefika mwisho wa video. Na kinyume chake, mtu akiipa timu yake jina la Pamba, timu ya hapa kwetu, basi Mwanza nzima inampigia. Mapenzi ya timu tunayo wote, ila yule dogo aliyekaa usiku kucha hakufanya kosa kuchagua jezi.

Hatua ya sita: mtu wako

Mcheza kwao hutunzwa, hilo tumekua nalo na ni zuri, mtu akicheza nyumbani mtunze. Ila kwenye kura za watu wa Nyakato, Igoma, Buswelu, Nyegezi na wa Ukerewe waliojiunga juzi, kila mmoja akitunza wa kwao anayeshinda ni mtaa wenye vijana wengi, uchezaji hauhusiki tena. Kuna msemo mwingine unasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na huo ndo tunaoukwepa hapa.

Kwa hiyo kama klipu ni ya ndugu yako, mwenza wako kwenye skwadi, au mtu mnaedaiana, sema "huyu ni wangu, sipigi" na ukae pembeni kwa klipu hiyo tu, nyingine endelea. Kama ni mtu unayemfahamu kwa kawaida, fanya jaribio moja ambalo linanisaidia sana: nikishaandika alama najiuliza, hii klipu angeiweka yule ambaye hatuelewani, ningempa hii hii? Mara kadhaa nimejikuta nafuta 8 naandika 6. Na mara nyingine nimefuta 4 ya mtu tuliyekwaruzana nikaandika 7, na ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, lakini klipu ilikuwa ya 7.

Kuna na kosa la upande wa pili, mtu anaminya alama za rafiki yake ili aonekane hana upendeleo. Hiyo nayo sio haki. Kama huwezi kumpa anachostahili, kaa pembeni tu.

Kwa wanaosimamia kura

Hapa ndo figisu nyingi zinakoanzia so nitasema yote kwa pamoja. Ile kura ya WhatsApp ni rahisi ila kila mtu anaona nani kampigia nani, na mtu akiona bro wake kampigia fulani anaona noma kwenda tofauti. Sisi tunatumia Google Forms, bure, halafu tunawasha ile sehemu ya kuchanganya mpangilio, mana klipu inayokaa ya kwanza kila mtu anaiona akiwa na nguvu na ya mwisho inaangaliwa bando likiwa linaisha. Kama fomu inawashinda, wachagueni watu wawili wasioshindana wiki hiyo, kura ziende inbox kwao wote wawili, wahesabu kila mtu kivyake halafu walinganishe.

Laini mbili mbili tunazo karibu wote, na WhatsApp mbili kwenye simu moja ni kitu cha kawaida, kwa hiyo namba iliyoingia kundini chini ya wiki mbili haipigi kura. Sheria hii peke yake ilitupunguzia kelele sana.

Kwenye kujumlisha, majaji wakiwa watano au zaidi, tupa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa halafu piga wastani wa zilizobaki. Mchezo wa kuteleza kwenye barafu wanafanya hivyo, walibadilisha mfumo baada ya Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City kuingiwa na tuhuma za majaji kubebana mpaka dhahabu ikatolewa kwa pea mbili. Chukua mfano: klipu ya kwanza imepata 10, 6, 6, 5, 6. Ya pili imepata 7, 6, 7, 6, 3. Ukipiga wastani wa kawaida ya kwanza ina 6.6 na ya pili 5.8. Sasa tupa za pembeni, ya kwanza inabaki na 6 kamili, ya pili inapanda mpaka 6.33. Ile 10 ilikuwa ya mshkaji na ile 3 ilikuwa ya mwenye bifu, zimeondoka zote mbili bila kumtuhumu mtu.

Na kama kura ni za watu wote, angalia klipu ambayo imehukumiwa na watu wachache. Klipu yenye kura mbili za 5 juu ya 5 isiishinde yenye kura nane za wastani wa 4. Tovuti ya itch.io kwenye mashindano yao ya kutengeneza gemu wana njia nzuri: wanachukua idadi ya kura ya katikati, gemu ikiwa na chache kuliko hapo, kura zake zinagawanywa kwa hiyo ya katikati, halafu alama yake inazidishwa na kipeuo cha pili cha jibu hilo. Tuseme ya katikati ni nane na wewe una mbili, mbili gawa kwa nane ni robo, kipeuo chake cha pili ni nusu, so ile 5 yako inakuwa 2.5. Ila kabla ya kuipunguza mtu, fanya kazi yako ya usimamizi, Jumamosi mchana pitia klipu zisizo na kura uwakumbushe watu, "jamani hii namba saba bado haijaangaliwa". Dogo wa Igombe hakuwahi kupata hata tangazo la namna hiyo.

Ukishatangaza

Toa alama zote tatu za kila klipu, sio jina la mshindi tu, na kila jaji aandike sentensi moja ya alichokiona. "Kali sana" haimsaidii mtu. "Uliachia mpira mapema, beki wako wa kulia alikuwa huru" inamsaidia. Malalamiko yapokelewe masaa 24, mwenye klipu anaeleza, wasimamizi wanarudia kuiangalia mbele yake, kama hesabu ilikosewa inarekebishwa na kutangazwa pale pale kwenye kundi kwa ukubwa ule ule wa tangazo la kwanza.

Yule dogo nilimtafuta kupitia kwa mtu wa Igombe, nikamuomba msamaha, ikachukua miezi ndo akarudi. Juzi kaweka klipu, kashika nafasi ya nne, akaja inbox kuuliza kwa nini. Nikamtumia alama zake: ugumu 7, uamuzi 6, ufundi 8, na sentensi za majaji wote watano, mmoja kamwambia kwamba sekunde ya 11 alikuwa na mtu katikati hajakabwa akaamua kupiga mwenyewe. Akakaa kimya kama dakika kumi hivi, nadhani alikuwa anairudia video. Halafu akajibu, "kweli bro, sikumuona," na akaniuliza Ijumaa tunafunga saa ngapi.